Furushi Lililopumua

Miaka ya mwisho ya maisha yake, shangazi yangu alijulikana mtaani kwa kubeba paka. Kila baada ya wiki mbili tatu ungemwona akitoka kwenye jengo letu na kapu lenye kifuniko, mkono mmoja ameukinga chini kama mtu aliyebeba uji wa moto, akielekea kwa daktari wa wanyama. Akirudi jioni, paka aliyekuwa ndani alikuwa amenyolewa ubavuni na ana mshono mfupi, amelala na ulimi nje.

Mlinzi wa geti alikuwa na utani wake. "Dobi, leo nani kaenda kustaafu?"

"Wewe kaa hapo hapo," shangazi alimjibu bila kusimama. "Kapu likipatikana la saizi yako, nitakuja."

Watu walicheka, na wengi waliishia kumpa paka wao bila ubishi. Lakini akishapita walisema mengine. Walisema mwanamke asiyefuga paka hata mmoja hawezi kuhangaika hivyo na paka wa watu bila sababu. Walisema kuna kitu kilimwingia. Hilo halikuwa mbali sana na ukweli, na kwa kuwa sasa hayupo wa kuona haya, nitaeleza nilivyoona. Niliishi naye chumba kimoja miaka yote niliyosoma chuo.

Shangazi alikuwa dobi, na dobi ndilo jina alilojibu kwa kila mtu isipokuwa kwangu. Chumba chake cha kazi kilikuwa mwisho wa korido ya chini: dirisha moja la nondo, meza ya pasi iliyoungua pembeni, na makaro mawili ya saruji, la kulowekea na la kusuuzia. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa nyuma yetu na nguo za wapangaji wa ghorofa zote nne. Mteja alikusanya nguo zake juu ya shuka moja, akazikutanisha pembe, akafunga fundo, akaliacha furushi mlangoni hata kama shangazi hayupo. Hakuna aliyeandika jina. Shangazi alizijua nguo za watu kama mwalimu anavyojua miandiko.

Alikuwa na kanuni moja aliyorithi kwa mama yake, aliyekuwa dobi pia. Furushi halikufunguliwa kavu. Lilikazwa fundo, likatumbukizwa zima kwenye maji baridi, likawekewa jiwe juu, likaachwa saa nzima. Sababu ya kwanza ilikuwa ya kazi: doa likikutana na maji baridi kabla ya kukutana na mkono, halishiki. Sababu ya pili ilikuwa heshima. "Shuka ni siri ya mtu," aliniambia. "Ukilikunjua kavu, unamsoma. Likishalowa, ni nguo kama nguo nyingine."

Nilipokuwa mgeni kwake, kitu kilichonitisha ni kwamba furushi haliingii majini kimya. Hewa iliyomo inatafuta njia. Furushi linavimba, linajigeuza upande chini ya jiwe, linatoa mapovu, linaguna kwa sauti ndogo inayofanana na ya mtu. Mara ya kwanza nilirudi nyuma mpaka mlangoni.

"Linapumua tu," shangazi alisema, mgongo wake kwangu, akisuuza. "Litachoka."

Mlango ulioangaliana na wetu ulikuwa wa fundi cherehani, mwanamke wa rika lake. Kila siku saa nne asubuhi walikutana kwenye benchi lililokuwa katikati ya milango yao, wakanywa chai, wakamaliza habari za jengo zima, wakarudi kazini. Walifanya hivyo miaka kumi na tisa. Fundi hakujaliwa mtoto. Mumewe alimwacha kwa sababu hiyo, naye alikuwa mwepesi wa kulitaja jambo hilo kwa utani kabla mwingine hajalitaja kwa huruma. "Mimi cherehani ndiyo inayonizalia," alikuwa akisema, "tena mapacha, suruali."

Alikuwa na paka, Majivu, jike la kijivu lenye kifua cheupe, lililolala kutwa katikati ya vipande vya vitambaa mezani pake. Majivu alizaa. Sikumbuki mwaka aliozaa chini ya mara tatu. Baba alijulikana, dume kubwa la kona lenye sikio lililochanika. "Baba wa mtaa mzima," Fundi alisema, "na hajawahi kuleta nyumbani hata kiberiti." Watoto wa kwanza waligawiwa. Wa baadaye walikosa wa kuwachukua. Watoto hao nao walikua wakazaa, mpaka kila ghorofa ikawa na wake. Wengine walilia darini mpaka wakanyamaza. Wengine tuliwakuta ngazini wamejikunyata, macho yamezibwa na usaha. Mpangaji wa ghorofa ya tatu aliwatia kwenye boksi akaenda kuliacha sokoni, akarudi akisema kwa furaha kwamba huko watapata samaki. Hakuna aliyemlaumu. Ni paka tu, tulisema, wanazaliwa wengi ndiyo maana wanakufa wengi. Nami nilisema hivyo.

Asubuhi moja kulikuwa na mafurushi matatu mlangoni. La katikati lilikuwa la mpangaji wa juu, mwanamke aliyefunga vitu kwa haraka, na fundo lake lilikuwa limelegea, mdomo wa shuka umeachia upana wa kiganja. Shangazi alilikaza. Akaliinua, akaona lina uzito kidogo kuliko kawaida ya nguo za yule mama, akadhani ni blanketi. Akalitumbukiza. Akaweka jiwe. Lilivimba, likajigeuza, likatoa mapovu, likaguna. Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikichana nywele, nikalisikia, na sikufikiri lolote.

Tulipanda juu ya paa kuanika mashuka ya nyumba ya wageni. Mimi nikaenda chuo. Aliyoyakuta aliporudi kwenye karo aliniambia siku hiyo hiyo jioni, mara moja tu, akiwa ameketi kitandani na mikono yake imekaa mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

Majivu alikuwa ameingia kwenye lile furushi usiku, akazaa humo, juu ya foronya. Alfajiri alitoka kwenda kutafuta chakula. Walikuwa watano. Shangazi aliwatoa mmoja mmoja akawalaza kwenye ukingo wa karo, akidhani labda mmoja bado. Alikuwa akimsugua wa tatu kwa kidole Majivu alipoingia. Paka hakulia. Aliruka juu ya ukingo, akamnusa kila mmoja, akamshika mmoja kwa shingo, mwili ukichuruzika maji, akamshusha sakafuni. Akaanza kumlamba. Alimlamba kwa bidii, upande huu, akamgeuza, upande ule, jinsi wanavyolamba wakishazaa ili mtoto apate pumzi. Shangazi alimwacha akamaliza wote watano. Kisha akamfungia nje, akawafunga watoto kwenye kitambaa, akaenda kuwazika nyuma ya nyumba ya wageni, mahali ambapo udongo ulikuwa mlaini.

Ningependa kusema kwamba alivuka korido akamweleza Fundi pale pale. Alikusudia. Lakini alipotoka na koleo, Fundi alikuwa chini ya ngazi, amepiga magoti.

"Dobi, njoo unishikie tochi. Majivu kazaa, tumbo limeisha, na watoto siwaoni."

Shangazi alimshikia tochi. Walitafuta chini ya ngazi, stoo ya mafagio, nyuma ya mapipa ya taka. Fundi aliita kwa sauti nyembamba aliyoitumia kwa watoto wa paka tu. Mwishowe alijifuta mikono kwenye sketi na kusema itakuwa lile dume la kona limewala, madume yana tabia hiyo.

"Labda," shangazi alisema.

Neno hilo moja ndilo lililomkaa. Ajali ingesamehewa, aliniambia. Angelia, Fundi angelia, wangekunywa chai. Lakini kila saa iliyopita baada ya ile tochi iliifanya ajali kuwa kitu kingine.

Siku ya pili au ya tatu mlio ulianza. Paka mzazi ana sauti asiyoitumia kwa binadamu, ya chini, ya kooni, kama kamba ngumu inayokwaruzwa kwa kidole, anayowaitia watoto watoke walipojificha. Majivu aliitoa saa saba mchana, wakati jengo limetulia, watu wako kazini na jua liko wima. Alikaa kwenye ukingo wa karo la kulowekea, akainamisha kichwa, akaita kwenye maji. Alinyamaza kwa muda kama anayesubiri jibu. Akaita tena. Shangazi alijaribu kumfukuza kwa kitambaa. Paka alishuka taratibu, bila hofu, akakaa mlangoni, akamtazama. Kesho yake saa saba alirudi.

Nguo zikaanza kupotea. Shangazi, ambaye katika miaka yote hiyo hakupoteza kifungo, alikuta soksi moja haina mwenzake, na ilikuwa ya mtoto. Kesho yake leso. Wateja walikuja mlangoni na nyuso ndefu, naye akaomba radhi bila kujitetea, jambo lililowashangaza zaidi kuliko kupotea kwenyewe. Kisha akaniita nikatazame sakafu. Kutoka kwenye karo mpaka kwenye ngazi kulikuwa na alama za maji, ndogo, moja baada ya nyingine, zimepangika kama nyayo za kitu ambacho miguu yake haijashika vizuri chini. Tulisimama tukizitazama zikikauka kuanzia upande wa karo. Majivu alikuwa ng'ambo, amelala mezani kwa Fundi. Tulimwona kupitia milango miwili iliyokuwa wazi.

"Ni maji tu yamedondoka," nilisema.

"Yamedondoka kutoka kwa nani?"

Siku nyingine nilikuwa juu ya paa nikianua. Mashuka kumi na mawili meupe kwenye kamba tatu, hakuna upepo, jua upande wa pili. Kwenye shuka la katikati kivuli cha paka kilipita polepole, na kitu kilikuwa kikining'inia mdomoni mwake, kirefu kidogo, laini, kinachoyumba kila anapopiga hatua. Nilisukuma shuka. Hapakuwa na paka. Palikuwa na matone sita saba ya maji juu ya saruji ya moto, na nilipoinama kuyagusa yalikuwa yameshatoweka. Sikumwambia shangazi. Alikuwa tayari ameacha kulala mchana, na alikuwa ameacha kuloweka mafurushi mazima.

Hilo la pili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alifungua kila furushi kavu, akakung'uta shuka moja moja, akapapasa foronya zote mpaka pembeni, akachungulia ndani ya mikono ya mashati. Alisoma siri za watu wote wa jengo na hakuna aliyoikumbuka. Hata zikishakuwa wazi, nguo zilipozama na kutoa mapovu, aliziinua tena. Kazi ya asubuhi ilimalizika jioni.

Akaenda kwa daktari wa wanyama. Nilimsindikiza. Daktari alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mwenye makovu ya makucha mpaka viwiko, na ofisi iliyonuka dawa na manyoya. Shangazi hakumweleza kisa. Aliuliza tu: paka akipoteza watoto, atakaa muda gani kabla ya kuzaa tena?

"Wakiwa hawanyonyi, wiki tatu nne anaita madume tena," daktari alisema. "Miezi miwili baadaye anazaa. Mwili wake hauna nafasi ya kuomboleza, mama. Na kila uzao unamla yeye. Nimefungua paka wa miaka minne, ndani ni kama kitambaa kilichofuliwa mpaka kikapauka. Watoto nao hawana pa kwenda. Mnaowaona ngazini ni wale waliobaki."

"Kuna njia?"

"Ipo. Tunatoa kizazi. Analala, anaamka, jioni anarudi nyumbani. Asile tu usiku wa kuamkia. Na madume tunayahasi, yanaacha kupigana na kuzurura." Akachukua kalamu. "Ni wako?"

"Wa jirani."

"Basi jirani aje mwenyewe. Paka wa mtu siwezi kumkata kwa neno la mtu mwingine."

Shangazi alimkabili Fundi kesho yake kwenye benchi, saa nne, vikombe vikiwa bado vimejaa. Alieleza yote aliyoyasema daktari, na la kutokula usiku pia, kama aliyekariri. Fundi alimsikiliza akizungusha kikombe.

"Dobi, hebu nikuulize. Mimi nilipokosa, ulisikia walivyosema juu yangu?"

"Nilisikia."

"Walisema mti usiozaa, wa nini uwanjani. Mama mkwe wangu alisema hivyo, nikiwa nimemshikia sahani ya chakula. Sasa huyu kapewa bila kuomba, na mimi ndiye nimpeleke akanyang'anywe? Nitamtazama vipi?"

"Yeye halioni hivyo, mwenzangu. Anazaa tu, na wanakufa tu."

"Hawafi tu. Waliliwa." Fundi aliweka kikombe chini. "Na wewe tangu lini unajali paka? Umekonda, hulali, nguo za watu zinapotea. Kama kuna la kuniambia, mimi nipo hapa, siuzwi dukani."

Nilikuwa ndani, nikipiga pasi, na nikaona mgongo wa shangazi umenyooka kama mtu anayetaka kusimama. Asiposema, Fundi asingekubali, na Majivu angebeba tena na kutafuta tena furushi lililolegea. Akisema, angempoteza mtu pekee aliyewahi kumwambia habari zake.

"Sina," alisema.

Siku mbili baadaye madume yakaanza kukusanyika. Yalikaa juu ya ukuta wa nyuma mchana kweupe, manne, kisha sita, lile la kona katikati, yakitazama dirisha la Fundi bila sauti. Mlinzi aliyarushia kokoto. Yaliinama, yakakaa tena. Wiki ya tatu ilikuwa inaisha.

Saa saba ya siku hiyo shangazi alisimama nyuma ya mlango wa chumba cha kazi, nami nyuma yake. Tulimwona Majivu akiingia. Aliita kwenye maji, akasubiri, akaita. Kisha akateremsha mguu wa mbele ndani ya karo, akachota. Akachota tena, mpaka kitu kikapanda juu: soksi nyeupe ya mtoto. Aliishika kwa meno sehemu ya juu, kwa uangalifu, akashuka, akapita karibu na miguu yetu, maji yakidondoka nyuma yake. Tulimfuata ngazi zote.

Juu ya paa, pembeni, kulikuwa na tangi la zamani lililolazwa ubavu, mdomo wake ukutani. Hatukuwahi kuchungulia humo. Shangazi alipiga magoti, kisha mimi. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya maziwa yaliyochacha. Majivu alikuwa amejilaza ubavu. Mbele ya tumbo lake, zimepangwa kwa mstari, kulikuwa na soksi tatu, ile mpya ikiwemo, leso, na kitambaa kidogo cha kufungia mtoto shingoni wakati wa kula. Chuchu zake zilikuwa nyekundu, zimevimba. Aliivuta soksi mpya karibu, akailamba upande huu, akaigeuza kwa pua, akailamba upande ule. Akaisogeza kwenye chuchu kwa mguu na kukoroma kwa raha. Vile vya zamani vilikuwa vimekauka na kukakamaa kwa mate.

Midomo ya shangazi ilikuwa ikihesabu. "Watano," alisema.

Paka hawajui hesabu. Labda angeleta wa sita kesho, labda wa kumi. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini Majivu aliinua kichwa, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akatoa ule mlio wake, na nilihisi kwamba safari hii alikuwa akituita sisi.

Shangazi alishuka, akarudi na Fundi. Fundi alipanda na futi ya kupimia shingoni, akilalamika juu ya magoti yake, akainama, akatazama. Mwanzoni alicheka kidogo. "Soksi. Jamani, Majivu. Soksi." Akaingiza mkono, akamkuna paka nyuma ya sikio. Akagusa soksi mpya. Akautoa mkono, akavitazama vidole vyake.

"Mbona mbichi?" alisema. "Mimi nina vitambaa chumba kizima, vikavu, laini, analala juu yake. Kwa nini apande huku na vitu vibichi?"

Hakuwa akimuuliza mtu. Lakini shangazi alijibu.

"Kwa sababu alipowapata walikuwa wamelowa."

Fundi aligeuka, bado amepiga magoti. Shangazi alimweleza, kwa maneno machache, furushi, fundo, jiwe, saa nzima. Alieleza kwamba lilipumua naye akaliacha lipumue. Hakusema hakujua. Nadhani alisubiri kuulizwa, na hakuulizwa.

"Lini?" Fundi alisema.

"Siku ile uliyokuwa unawatafuta."

"Nilitafuta mpaka kwenye mapipa."

"Ndiyo."

"Ukanishikia tochi."

"Nilikushikia."

Fundi aliinuka kwa kushika tangi. Alikunja futi yake kidogo kidogo mpaka ikawa duara kamili, akaitia mfukoni, akashuka. Tulimsikia akifunga mlango wake, na kisha kitasa.

Siku sita benchi lilikuwa tupu. Cherehani ya Fundi ilisikika ikienda, ikasimama, ikaenda. Wateja wetu walijua kuna jambo, ila hawakujua lipi, na mmoja akaja kumuuliza shangazi kama wamegombania mwanamume. Madume yaliongezeka ukutani. Majivu hakuonekana tena karoni. Fundi alikuwa amemfungia ndani, na kutwa nzima tulimsikia akikwaruza chini ya mlango, kisha akibadilisha sauti, akiita ile nyingine, ndefu, ya kuita madume, nayo madume yakimjibu kutoka nje kama watoto wachanga wanaolia kisimani. Jengo zima lilisikia. Shangazi alikaa kwenye meza ya pasi akiutazama ule mlango. Hakwenda kubisha. Alisema mtu aliyeshika tochi ile hana haki ya kubisha.

Asubuhi ya siku ya saba, Fundi alisimama mlangoni kwetu na kapu kubwa la vitambaa, kifuniko kimefungwa kwa utepe. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Kapu lilitikisika.

"Sijaja kukusamehe," alisema. "Ni zito. Shika upande huo."

Walibeba pamoja, mmoja kila upande, hatua zao hazilingani. Mimi nilitangulia kufungua milango. Madume yaliteremka ukutani moja moja na kutufuata mpaka barabara kubwa, kisha yakakaa kwenye ukingo, yakatutazama tukivuka.

Daktari aliliweka kapu mezani na kuchukua fomu. Aliuliza umri. Fundi akasema miaka minne na nusu. Aliuliza amezaa mara ngapi. Fundi akafumba macho, akahesabu kwa vidole, akaanza upya, akasema kumi, au kumi na moja.

"Uzao wa mwisho walikuwa wangapi?"

"Watano."

"Bado wananyonya? Wako wapi?"

Fundi alitazama ukutani, kwenye picha ya mbwa aliyechorwa mishipa yake yote.  Shangazi alisogea mbele mpaka tumbo lake likagusa meza.

"Niliwazamisha mimi," alisema. "Kwenye karo langu la kazi, ndani ya furushi la nguo. Sikulifungua kutazama. Halafu nikamdanganya mwenye paka."

Kalamu ya daktari ilisimama. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Ndani ya kapu Majivu aliita kwa ule mlio wa chini, akanyamaza kama anayesubiri, akaita tena.

"Andika hivyo hivyo alivyosema," Fundi alimwambia daktari.

Daktari akaandika. Ilimchukua muda, mstari ulikuwa mfupi na maneno yakapanda pembeni mwa karatasi. Kisha akauliza paka alikula mara ya mwisho saa ngapi.

"Jana saa moja jioni," Fundi alisema. "Dobi alishaniambia asile."